Mashine ya Wote Hutaka Mafunzo ya Kila Mmoja

Hotuba iliyosomwa kwenye sherehe ya Uhuru kwa niaba ya wauguzi wa utafiti wa jumuiya yetu

  

Tunaishukuru kamati kwa kutupa nafasi hii. Tunajua harufu ya pilau imeshafika ukumbini, na anayesimama kati ya watu na pilau hapaswi kuwa na maneno mengi. Lakini kamati imetupa mada mbili kwa mkupuo mmoja, nasi tutajitahidi kuzimaliza zote mbili. Ya kwanza: tuwaeleze watoto kazi tunayoifanya maabarani, maana wengi wao wanadhani muuguzi kazi yake ni sindano na kubadilisha shuka. Ya pili: tutoe maoni yetu juu ya hoja iliyo mezani, ya kuchangisha fedha za kununulia mashine ya maabara hospitali moja ya nyumbani. Tumeona kwamba mada hizi mbili ni moja, na mtaona kwa nini.

Tunaposema "sisi", tunawasema wauguzi wa utafiti. Wengi wetu tumezaliwa nyumbani, tumevuka miaka arobaini, na shahada za uuguzi tumezipatia hapa hapa Uingereza, tukisoma mchana na usiku tukilea wazee kwenye nyumba za kulelea wazee. Leo tunafanya kazi na wagonjwa wanaokubali kushiriki tafiti. Tunawaeleza utafiti ni wa nini, tunawatoa damu, na damu hiyo tunaifikisha maabara ya pamoja ya chuo kikuu. Humo tunashirikiana na mafundi wa maabara kuwafundisha watafiti wapya kutumia mashine za kuhesabu na kuchambua seli. Kazi hiyo kitaalamu huitwa saitometria ya mtiririko. Maabarani tumezoea kuiita "flo" tu.

MASHINE YENYEWE INAFANYA NINI

Watoto wetu, sikilizeni hapa. Fikirieni tone la damu dogo sana, lenye upana wa milimita moja na kimo cha milimita moja. Ndani yake zimo seli nyekundu kama milioni 5, na seli nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Hizo nyeupe ndizo askari wa mwili. Lakini askari hao si wa kikosi kimoja. Wapo wanaokimbilia jeraha, wapo wanaotengeneza kingamwili, wapo wanaotoa amri, wapo wanaoua seli zilizoingiliwa na virusi. Kwa darubini ya kawaida wengi wao wanafanana kabisa. Utamtofautishaje mtoa amri na muuaji wakati wote ni duara dogo la rangi ile ile?

Hapo ndipo mashine inapoingia. Kwanza tunaitia damu kingamwili zilizotengenezwa kiwandani, ambazo kila moja imefungwa rangi inayong'aa ikimulikwa. Kila kingamwili hushika alama ya aina moja tu juu ya ngozi ya seli. Kisha seli husukumwa ndani ya maji ya chumvi yanayotiririka kwenye njia nyembamba, zikajipanga foleni, moja nyuma ya nyingine, na kupita mbele ya mwanga wa leza. Waliowahi kupita geti la kivuko cha Kigamboni wataelewa. Watu wanapita mmoja mmoja, na mkaguzi anamwona kila mtu: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu kabeba mzigo, huyu kajifunga khanga nyekundu, huyu ya kijani. Mashine nayo humwona kila mpita njia. Mwanga unaopita mbele huonyesha ukubwa wa seli, mwanga unaotawanyika pembeni huonyesha chembechembe zilizomo ndani yake, na rangi huonyesha ni ya kikosi gani. Tofauti ni kwamba mashine hukagua maelfu ya seli kwa sekunde moja.

Zipo pia mashine ambazo haziishii kukagua. Hizo huchambua, kama mama anavyochambua mchele kwenye ungo. Seli inayotakiwa hufungiwa ndani ya tone dogo, tone hutiwa chaji ya umeme, kisha huvutwa upande na kuangukia kwenye mrija wake. Mashine ya namna hiyo ilielezwa na Mack Fulwyler wa Los Alamos, Marekani, mwaka 1965, naye aliazima ujuzi uliokuwa umeanza kutumika katika kuchapa kwa wino wa matone. Leonard Herzenberg wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyechoshwa na kuhesabu seli zinazong'aa kwa jicho kwenye darubini, ndiye aliyeiendeleza na kuiunganisha na rangi. Zile kingamwili za kushika alama moja tu zilipata njia ya kutengenezwa kwa wingi hapa Uingereza, mjini Cambridge, mwaka 1975, kwa kazi ya Georges Köhler na César Milstein. Tunawataja ili watoto waone kuwa hata chombo hiki hakikubuniwa na mtu mmoja. Kila mmoja aliazima kwa mwenzake.

KWA NINI MAABARA YA PAMOJA

Mashine kubwa ya aina hii bei yake ni bei ya nyumba. Na ukishainunua, bado unahitaji mkataba wa fundi, vipuri, rangi, kingamwili zinazokaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, na mtu wa kuitunza kila siku. Hakuna kundi moja la utafiti linaloweza kubeba mzigo huo peke yake na ukawa na maana. Kwa hiyo vyuo huziweka mashine zote mahali pamoja, chini ya wataalamu wachache, na watafiti hujiandikisha kwa zamu na kulipia kwa saa. Asubuhi huingia mtu wa saratani ya damu, mchana mtu wa malaria, jioni mtu anayechunguza viumbe wadogo wa baharini. Hawajuani, lakini wote wanatumia bomba lile lile, leza zile zile na kiti kile kile.

Mnajua wenyewe tabia ya kitu cha wote. Anayekichafua hayupo wakati wa kukisafisha. Mtu mmoja asipochuja sampuli yake, seli zilizogandana huziba njia ambayo upana wake unakaribia unywele wa binadamu, na mwenye zamu ya mchana anakuta mashine imelala huku damu ya mgonjwa wake inazidi kuzeeka kwenye mrija. Mwingine akibadilisha mipangilio bila kuirudisha, namba za mwenzake zinakuwa za uongo bila mwenyewe kujua. Hili la pili ndilo baya zaidi. Mashine iliyoziba inapiga kelele. Mashine iliyopangwa vibaya inakupa jibu zuri, safi, lenye rangi za kupendeza, na jibu hilo si kweli.

Ndiyo sababu hakuna anayeingia bila mafunzo, hata awe profesa.

JINSI TUNAVYOFUNDISHANA

Somo la kwanza hufanyika mezani, mbali na mashine. Tunamuuliza mtafiti: unatafuta nini? Damu ni ya nani, na itakuwa imekaa saa ngapi kabla ya kufika? Unataka rangi ngapi, na mashine yetu ina leza za kuziona rangi hizo? Wengi huja na haraka ya kubonyeza vitufe, na wengi hutoka kwenye kikao hicho wamebadilisha mpango wao. Hilo hutuokolea wiki nzima.

Somo la pili ni usalama. Damu yoyote ya binadamu tunaichukulia kana kwamba ina virusi, hata kama mwenyewe anacheka na ana afya. Mtu awe amechanjwa hepatitisi B, avae koti na glavu, afungue mirija ndani ya kabati la usalama, na amwage mabaki kwenye dawa ya klorini. Mashine inayochambua hurusha matone madogo mno yasiyoonekana, kwa hiyo hiyo ina masharti yake ya ziada.

Hapa ndipo sisi wauguzi tunaposimama mbele ya darasa. Wako watafiti hodari ambao hawajawahi kuonana na mgonjwa hata mmoja. Kwao mrija ni namba iliyobandikwa juu ya plastiki. Tunawaambia: jina limeondolewa na kuwekwa namba ili kumlinda mwenye damu, lakini mwenye damu yupo. Pengine ni mama aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akapanda mabasi mawili na kukaa na njaa kwa sababu tulimwomba. Aliweka saini ya ridhaa, na sheria ya hapa ya mwaka 2004 kuhusu tishu za binadamu imeifanya ridhaa kuwa nguzo. Alikubali damu yake itumike kwa jambo alilosomewa, si kwa jambo lolote litakalomjia mtu kichwani. Na hatuwezi kumrudia kesho tukamwambia ya jana ilimwagika. Tumeona mikono ikitulia baada ya maneno hayo.

Somo la tatu ni kutazama, kisha kutenda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huo ndio utaratibu wetu. Mara ya kwanza na ya pili mwanafunzi anakaa pembeni. Mara ya tatu tunampisha kiti.

Asubuhi mashine hupitishiwa shanga. Ndiyo, shanga, ila ni za plastiki na ni ndogo kama seli. Mwangaza wao unajulikana tayari. Kama jana shanga zilisoma vizuri na leo zimefifia, ujue tatizo ni la mashine wala si la mgonjwa. Mtu akiruka shanga, hatakuwa na njia ya kujua.

Baada ya hapo tunafundisha rangi. Kila aliyewahi kufua atatuelewa. Ukiloweka khanga mpya nyekundu pamoja na shuka nyeupe, shuka inatoka na wekundu usio wake. Rangi za mashine zina tabia hiyo hiyo, mwanga wa moja humwagikia kwenye dirisha la jirani. Kwa hiyo kila rangi hupimwa kwanza ikiwa peke yake, tukajua inachuja kiasi gani, kisha kompyuta hupunguza kiasi hicho. Tunaiita fidia. Pia tunaweka sampuli isiyotiwa rangi yoyote, na nyingine yenye rangi zote isipokuwa moja, ili tujue giza halisi linaonekanaje kabla hatujadai kwamba tumeona mwanga.

Tunafundisha pia kuwatambua wadanganyifu. Seli iliyokufa hunata kingamwili ovyo na kujifanya ya kikosi kisicho chake, hivyo tunaiwekea rangi yake ya kuifichua. Seli mbili zilizoshikana hupita mbele ya leza kama moja nene. Asiyejua haya huweza kutangaza kuwa amegundua aina mpya ya seli, kumbe ni majirani wawili waliokumbatiana.

Kisha huja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kuchora mipaka kwenye kioo cha kompyuta: hizi ndizo ninazohesabu, zile siyo. Wapeni watu wawili data ile ile, wasipokubaliana kanuni watachora mipaka miwili na kupata majibu mawili. Na mpaka unavutika. Mtu mwenye hamu ya jibu fulani anaweza kuusogeza kidogo kulia, kidogo kushoto, mpaka jibu lije. Hajaiba, hajaghushi karatasi, amesogeza mstari tu. Kwa hiyo tunawazoeza kuweka mipaka kwa kutumia zile sampuli za kulinganishia, kabla ya kuangalia za wagonjwa, na kuiandika. Fundi mzuri wa flo hujulikana kwa namba alizokubali zimkatalie.

Somo la mwisho ni kuondoka. Pitisha klorini, pitisha maji safi, hamisha data zako, jaza daftari, acha kiti kama ulivyokikuta au vizuri zaidi. Ukiona kitu hakiko sawa, andika, hata kama hukukisababisha wewe. Mtihani wetu ni rahisi kuueleza: mwanafunzi afanye kila kitu toka kuwasha hadi kusafisha, nasi tumesimama nyuma yake bila kusema neno. Akimaliza salama ndipo anapewa neno lake la siri la kuingilia. Akikaa miezi mingi bila kuja, anarudi darasani.

Na kuna jambo moja tunalilea kuliko yote: ruhusa ya kuuliza. Mwenye shahada kubwa huona aibu kuuliza kitufe kinafanya nini. Aliyetoka ng'ambo huogopa kwamba Kiingereza chake kitachekwa. Sisi tuliosomea uuguzi katika lugha ya pili, au ya tatu, tunaijua hofu hiyo. Tunawaambia: hapa swali linaulizwa kabla ya kubonyeza, na anayeuliza mara tano tutamjibu mara tano. Maabara ambayo watu wanaogopa kuuliza huharibikiwa kimya kimya.

NAMBA ZINAZOTUHUSU

Mtu atauliza, haya yote yanaihusu nini jumuiya yetu? Yanatuhusu sana.

Wazee mnakumbuka mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa ukimwi walipotambuliwa Kagera. Mnakumbuka jinsi familia zilivyoteketea miaka iliyofuata. Nchi ilipoanza kugawa dawa za kupunguza makali ya virusi kwa mpango wa taifa mwaka 2004, swali la kila mgonjwa lilikuwa moja: CD4 zako ngapi? CD4 ni alama ya kile kikosi cha watoa amri, na mashine za kuhesabia ni za jamii hii ya flo. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi katika lile tone dogo. Siku hizo kizingiti cha kuanza dawa kilikuwa karibu na 200. Shirika la Afya Duniani lilikipandisha hadi 350 mwaka 2010, hadi 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likasema kila mwenye virusi aanze dawa bila kusubiri namba. Lakini hata leo CD4 chini ya 200 humwambia daktari kuwa mgonjwa huyu yuko hatarini, ashughulikiwe haraka. Fikirieni basi miaka ile: mashine isiyopitishiwa shanga, au mkono usiofundishwa, ukasoma 230 mahali pa 190. Mtu alirudishwa nyumbani akasubiri.

Mfano wa pili uko hapa hapa ughaibuni. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana damu isiyo na alama iitwayo Duffy kwenye seli nyekundu. Ni urithi unaowakinga na aina moja ya malaria, ile ya vivax. Watu hao huwa na nyutrofili chache, wale askari wanaokimbilia jeraha, na ni wazima kabisa. Lakini vipimo vya "kawaida" vilivyowekwa vitabuni vilitokana zaidi na damu ya Wazungu. Matokeo yake, mtu mzima wa afya huweza kuambiwa damu yake ni pungufu, akarudiwa kupimwa, akacheleweshewa dawa, au akakataliwa kushiriki utafiti. Damu yetu isipokuwemo kwenye hesabu, na watu wetu wasipokuwemo miongoni mwa wanaohesabu, "kawaida" itaendelea kuwa ya mtu mwingine.

Na kuna habari njema. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo, pamoja na Kilifi kwa jirani zetu Kenya. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021. Ya pili, R21, iliyobuniwa Oxford, ikafuata mwaka 2023, nayo ilipita Bagamoyo na Kilifi. Bagamoyo ile ni tawi la Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi kule Ifakara. Haikufika ilipo kwa kuletewa makasha. Imefika kwa vizazi vya wataalamu waliofundishwa na kubaki kufundisha wengine.

HOJA ILIYO MEZANI

Sasa tuje kwenye mchango. Ndugu zetu walioileta hoja ya kununua mashine wana moyo mwema na tunawaheshimu. Picha ya mashine mpya imefungwa utepe inapendeza kwenye gazeti. Lakini mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walichapisha hesabu ya vifaa vya hospitali zaidi ya 110,000 katika nchi 16 maskini. Waliona takriban asilimia 38 havifanyi kazi. Kati ya sababu kuu walizozitaja, moja ilikuwa ukosefu wa mafunzo, pamoja na usimamizi wa vifaa na miundombinu. Wengi wetu hapa tumeshaona chombo kilichofunikwa shuka kwenye korido ya hospitali, kila mtu anakipita kama kaburi la mtu asiyemjua.

Tunapendekeza kabla hata senti haijatoka tupate majibu ya maswali haya. Nani kwa jina ataitumia? Akihamishwa au akienda masomoni, wa pili ni nani, na nani atamfundisha? Kingamwili na rangi za mwaka wa tatu zitalipiwa na nani? Umeme ukikatika friji inakuwaje? Fundi wa karibu yuko mji gani? Na je, hospitali yenyewe imeiomba, au sisi ndio tumeipenda?

Kama majibu yapo, tununue. Kama hayapo, tuanze na watu. Sehemu ya mfuko igharimie mafunzo ya wafanyakazi wa hospitali hiyo, tena Afrika Mashariki kwenyewe, kwa mwalimu atakayeweza kuwafuata kazini baadaye, na kila atakayefundishwa aahidi kufundisha wawili. Wanajumuiya wenye ujuzi, sisi tukiwa wa mbele, tuko tayari kutoa sehemu ya likizo zetu. Na tuandike mwongozo wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wa kubandika ukutani juu ya mashine: shanga kwanza, chuja, safisha, andika. Usiku wa manane, mtu amechoka, lugha yake mwenyewe humsaidia asikosee.

Vijana, hapo kwenye mwongozo tunawahitaji ninyi. Mnaijua sayansi kwa Kiingereza cha shuleni, na Kiswahili mnacho cha nyumbani. Kaeni na wazazi na bibi zenu mtafute maneno. Na msidhani mlango wa kuingilia maabara ni udaktari peke yake. Tunafanya kazi na mafundi wa maabara, wahandisi wa leza, waandika programu na watu wa takwimu. Vyuo vingi hapa huwa na siku za kufungua milango kwa wanafunzi. Nendeni, na mkifika, ulizeni.

Ndugu Mwenyekiti, leo ni sikukuu ya Uhuru. Mwalimu Nyerere alisema kwamba tulipojitawala tulirithi nchi yenye wahandisi 2 na madaktari 12. Alitaja maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na mnaona ujinga umekaa jirani na maradhi. Mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya bendera kupanda, shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam, na mbegu ile ndiyo leo Chuo Kikuu cha Muhimbili. Wale waliotangulia wangeweza kusubiri wapate hospitali kubwa na vyombo vya kisasa kwanza. Walianza na darasa.

Tunaiomba jumuiya, hoja itakapopigiwa kura mwezi ujao, ifanye vivyo hivyo. Uhuru na kazi. Sasa kina mama wa jikoni, uwanja ni wenu.